Jina la Herufi Sita

Kila Jumanne Zagabe alirudi nyumbani na mbegu za majani zimeng'ang'ania suruali yake chini ya magoti. Alikuwa shofere wa shirika moja lililogawa mbegu kwa wakulima, na shofere hukanyaga pedali, hakanyagi majani. Mkewe Constance, mwalimu wa darasa la tatu pale Bagira, mtaa wa mji wa Bukavu, alizichambua mbegu hizo moja moja siku ya kufua, na swali lililomjia hakulitoa mdomoni.

Ulikuwa mwaka elfu mbili na tatu. Viongozi walikuwa wametia sahihi mapatano huko mbali, lakini barabara ya Katana bado ilikuwa na vizuizi vya askari, na wake wa mashofere walikuwa na mengi ya kuogopa. Constance aliogopa jambo moja tu. Zagabe hakunywa, hakupiga, na binti yao Gisèle wa miaka minne alimlalia kifuani kila jioni. Hilo ndilo lililomchoma Constance: mwanaume asiye na kosa hata moja lazima ana moja kubwa alilolificha vizuri.

Mwaka huohuo shirika lilifunga GPS kwenye magari yake. Kilikuwa kifaa cha ukubwa wa kiganja, kimeshikiliwa karibu na usukani, na kwa kuwa vitu viliibiwa hovyo, kila shofere aliamriwa akichomoe jioni na kulala nacho nyumbani. Zagabe alikiweka juu ya kabati. Aliyevipanga vifaa hivyo vyote biro, ofisini kwa shirika, alikuwa Chancelle, mtoto wa mama mdogo wa Constance, msichana aliyesomea mambo ya ordinateri, yaani kompyuta, na asiyejua kuficha alichokijua. Jumapili moja baada ya misa Constance alimwita jikoni, akafunga mlango, akamwuliza kama kifaa kile kinaweza kusema mtu alikwenda wapi.

"Watu wanazani hii kitu inaongea na satelite," Chancelle alijibu. "Haiongeake. Inasikilizaka tu. Zile za kule juu zinasema saa yao, hii inazisikia, inapiga hesabu, inajua iko wapi."

"Na inakumbuka?"

"Kila pahali ilipita, yaya," alisema Chancelle, na kwao yaya ni dada mkubwa.

Kesho yake Chancelle alikiunganisha na ordinateri kwa waya. Ordinateri iliuliza, kifaa kikajibu: kikatoa orodha ya mahali palipopewa majina, na baada ya orodha kikatoa nyayo zake, vitone elfu na zaidi vilivyopangana kama uzi juu ya karatasi nyeupe. Jioni alimletea Constance karatasi hiyo. Kila Jumanne uzi ulipanda hadi ghala la mbegu la Katana. Lakini wakati wa kurudi uliiacha barabara, ukashuka upande wa ziwa, ukasimama. Hapo vitone vilirundikana kimoja juu ya kingine, dakika arobaini, kama nzi juu ya kitu. Na katikati ya rundo palikuwa na jina: MARCEL.

Constance alishusha pumzi. Kumbe ni rafiki, mwanaume. Alikuwa ameanza hata kucheka wakati Chancelle, bila ubaya wowote, alipomwambia asishangae majina yakionekana yamekatwa. Kifaa kinapokea herufi sita tu. Katana inaenea, Bagira inaenea, lakini Luberizi wameiandika LUBERI.

Constance alihesabu kwa vidole. Alifika kidole cha sita na hakucheka tena.

Marcelline lilikuwa jina analolijua. Mama mkwe wake, kabla hajafa, alikosea mara mbili akamwita hivyo. Marcelline alikuwa msichana aliyechumbiwa na Zagabe kabla ya vita ya kwanza ya Kongo, ng'ombe wakiwa wameshapelekwa kwao, na Zagabe alimwambia Constance mara moja tu, kabla hawajaoana, kwamba alikufa mwaka tisini na sita. Constance alikuwa amemwamini. Sasa aliomba ruhusa shuleni, akapanda gari la wachuuzi hadi Katana, akashuka kwa miguu kufuata karatasi yake mpaka akamkuta mama mmoja akipalilia maharagwe.

Yule mama alimweleza bila kumficha. Hapa hapakai mtu. Ni kaburi la binti aliyekimbia kutoka Bukavu mji ulipoanguka. Mchumba wake alimwambia amngoje Katana, atakuja na gari kumchukua, wataenda kukaa Bagira mkono kwa mkono. Wengine walipoendelea kukimbia yeye alikataa. Alikaa kando ya barabara kila siku akitazama magari, mpaka risasi ikampata palepale. Wazazi wake walihama. Msalaba wa mti ulichukuliwa majuzi na wapita njia wakapikia. Anayejua lilipo kaburi kwa hakika ni shofere mmoja tu, ambaye huja na kidude chake cha kioo kinachowaka, kinamwongoza ndani ya majani.

Constance alirudi Bagira akiwa na hali mbaya zaidi kuliko alivyokwenda. Mke mwenza aliye hai unaweza kumshinda. Utampita kwa usafi, utampita kwa upishi, utamngoja azeeke. Huyu aliyekufa hakuwahi kuunguza mboga ya sombe. Hakuwahi kuamka na mdomo mchungu wala kumnyima mume maneno kwa siku mbili. Alibaki na miaka yake ishirini, kando ya barabara, akitazama.

Alimrudia Chancelle na ombi ambalo Chancelle alilikataa mara tatu. Hakutaka jina lifutwe, kwa sababu Zagabe angeliona limepotea. Alitaka libaki, na namba zake, zile zinazoonyesha mahali lilipo, zibadilishwe.

"Weka hapa kwangu," alimwambia. "Akimutafuta, imulete kwa bibi yake."

Mwishowe Chancelle aliandika namba za nyumba ya Bagira mbele ya jina MARCEL, akachomeka waya, akazituma. Haikuchukua hata muda wa Salamu Maria moja.

Jumanne iliyofuata Zagabe alirudi amelowa mpaka kiunoni, uso wake umepauka kama wa mtu aliyepoteza nyaraka zake zote. Hakula. Alikiweka kifaa juu ya kabati, akaenda kulala. Constance alifurahi. Furaha hiyo ilidumu mpaka Jumamosi.

Jumamosi asubuhi, jua likiwa limeshapanda, alikuwa akifagia chumba aliposikia kifaa kikilia mlio ule mfupi wa kufika mahali. Alidhani Gisèle amekichezea. Alikishusha na kukuta kimezimwa, na betri zake ziko pembeni, Zagabe alikuwa amezitoa jana yake. Akiwa bado amekishika, harufu iliingia: udongo uliochimbwa na maji ya ziwa, na majani mabichi yaliyokanyagwa. Mlango ulikuwa wazi. Nje hapakuwa na mtu.

Jumapili, waliporudi kutoka misa, alikuta viatu vyake vya kazini vimewekwa nje ya lango, vimepangwa vizuri, ncha zake zimeelekea barabara. Jumatatu ulikuwa mto wake wa kulalia. Jumatano ilikuwa picha ya ndoa, na kioo chake kilikuwa kimepanguswa safi. Hakuna kilichovunjwa, hakuna kilichoibiwa. Vilikuwa vimetolewa tu, vitu vya Constance peke yake, kama vya mgeni ambaye muda wake wa kukaa umekwisha.

Alimgombeza mtoto. Aligombana na jirani. Lakini kilichomwumiza zaidi kilikuwa Zagabe, ambaye aliviokota vitu hivyo bila kuuliza, na ambaye ile harufu ilipopita sebuleni hakuogopa kama yeye. Alifumba macho. Alivuta pumzi polepole, kama mtu anayeisikia sauti anayoijua.

Alhamisi, saa kumi na moja ya jioni, mvua ikinyesha kwa nguvu, Constance alirudi kutoka shuleni akiwa na madaftari kifuani chini ya kitambaa, na alipofika barazani alimsikia Gisèle akizungumza kwa sauti ya chini ndani, sauti ya mtoto aliyeridhika, akasimama kwa sababu msichana wa kumlea alikuwa palepale barazani, hataki kuingia, na ndani hapakupaswa kuwa na mtu mwingine, akasukuma mlango kwa kiwiko na kumwona mwanawe ameketi sakafuni mbele ya kiti kitupu, amekipa mgongo, kichwa chake kikivutwa kidogo nyuma, kidogo upande, nyuma tena, jinsi kichwa cha mtoto kinavyovutwa na mikono inayosuka, na nusu ya nywele zake ilikuwa imeshasukwa mistari myembamba ya zamani ambayo Constance hakujua kuisuka, na ndani ya kila mstari palikuwa na mbegu za majani.

"Nani anakusuka?" Constance aliuliza.

"Maman mukubwa," mtoto alisema. "Anasema we uko mudogo. Anasema uzoee."

Tangu siku hiyo Gisèle hakula tena kutoka mkono wa mama yake. Mwili wake ulipoa. Alikaa ameelekea kile kiti, akitabasamu mara kwa mara, na miguu yake ilikuwa na baridi ya maji ya ziwa hata chini ya blanketi mbili. Hospitalini walimpima malaria, hakuwa nayo. Walimpima damu, ilikuwa nzuri. Daktari alisema arudishwe nyumbani alishwe vizuri, na Constance aliposikia neno nyumbani alianza kulia mbele ya watu.

Jioni hiyo alimwambia Zagabe yote, kuanzia karatasi ya vitone hadi namba zilizobadilishwa. Zagabe hakumpandishia sauti. Alimsimulia yaliyotokea Jumanne ile aliyorudi amelowa. Alikuwa amesimama katikati ya majani marefu, mvua inamnyeshea, anazunguka na kifaa mkononi akitafuta kaburi ambalo bila kifaa hawezi kuliona, na kifaa kilikuwa kikimwonyesha nyuma alikotoka, kilomita ishirini na saba. Alidhani kimeharibika. Alichoka, akakisoma kwa sauti, akamwambia yule aliyekuwa chini ya majani.

"Nilisema nini, Constance? Nilisema, Marcelline, hii kitu inasema we uko Bagira. Inasema uko kwangu." Alikigeukia kile kiti kitupu. "Alikuwa anangoja mutu amwambie tu njia."

Walikwenda kumleta nyumbani Maman Anne-Marie, mjane wa Bagira aliyeongoza kikundi cha sala na ambaye, watu walijua, alijua pia mambo ya kabla ya sala. Wachuuzi Waislamu wa sokoni walipoletewa habari walisema ni jini la ziwa na linafukuzwa kwa moshi. Maman Anne-Marie alimshika Gisèle miguu, akakitazama kile kiti, akasema si jini. Ni muzimu, na hawezi kufukuzwa, kwa sababu hakuvamia. Aliahidiwa nyumba hii kabla Constance hajaifahamu, kisha Constance mwenyewe akamwandikia anwani. Mgeni wa namna hiyo anarudishwa kwa heshima, na anayemrudisha ni yule aliyemwita.

Lakini kumrudisha wapi? Kaburi halikuwa na msalaba, na namba zake zilikuwa zimefutwa kwenye kifaa. Chancelle, aliyekuwa hapati usingizi tangu aliposikia habari za mtoto, ndiye aliyekumbuka kwamba nyayo alizozishusha bado zimo kwenye ordinateri ya biro. Alitafuta lile rundo la vitone, akachukua kitone cha katikati, akakiandika mbele ya jina MARCEL, akakirudisha kwa waya. Alimwonya Zagabe kwamba kifaa kitamfikisha karibu tu, umbali wa hatua kumi kutoka kaburini. Hatua kumi hizo atazitafuta mwenyewe.

Jumanne walipanda gari kulipoanza kupambazuka, kinyume cha kanuni zote za shirika. Zagabe alishika usukani. Constance alikaa nyuma na Gisèle mapajani, Maman Anne-Marie ubavuni mwake na rozari. Kiti cha mbele kiliachwa wazi. Maman Anne-Marie aliufungua mlango wa mbele, akangoja kama anavyongojwa mtu mzima kupanda, akaufunga. Harufu ya udongo ilijaa gari, na Constance aliona sponji ya kiti ikibonyea.

Walifika karibu na Kavumu, kwenye kizuizi. Askari kijana aliinama dirishani, akachukua karatasi za Zagabe, akazirudisha. Akatazama kiti cha mbele.

"Na huyu mama wa mbele," alisema. "Karatasi yake iko wapi?"

Mvuke ulikuwa umeshika kioo upande ule, na askari alikuwa ameanza kurudi nyuma hatua moja, uso wake umebadilika, mkono unautafuta mkanda wa bunduki, kwa sababu sasa alikuwa akimtazama vizuri. Constance aliona kwamba mtu akinyamaza sekunde nyingine moja watapigwa risasi wote. Yeye, ambaye kwa wiki nne hakuweza hata kulitamka jina lile, alisogea mbele akaweka mkono juu ya mgongo wa kile kiti kilicholowa.

"Ni yaya yangu," alisema. "Alikuya kututembelea. Tunamurudisha kwao."

Askari aliinua kamba bila kuuliza tena.

Kifaa kiliwafikisha kwenye majani kisha kikaanza kuyumba, mshale huku, mshale kule. Gisèle ndiye aliyejinyofoa mikononi mwa mama yake. Alitembea peke yake kwenye majani yaliyompita kichwa, na walipomfuata walimkuta ameketi mahali ambapo ardhi ilibonyea kidogo, mikono kwenye magoti, akitazama upande wa barabara.

Constance alipiga magoti. Alimwita yaya mara ya pili. Aliomba msamaha kwa kumchezea makao yake, akasema nyumba ilikuwa ya Marcelline kwanza na hilo hatalikana tena, lakini mtoto alimzaa yeye, amrudishie. Upepo ulipita juu ya majani. Mtoto hakugeuka. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya buluu.

"Maneno yako mazuri," Maman Anne-Marie alimnong'oneza nyuma. "Lakini huyu aliahidiwa bwana. We unamupa nini?"

Constance alimtazama Zagabe aliyesimama pembeni na kofia mkononi. Alimpenda kwa namna mbaya, ya kumtaka wote, kuanzia unyayo hadi utosi, leo na hata baada ya leo. Alijua kinachotakiwa na kila kitu ndani yake kilikataa. Kisha akaiona tena midomo ya mwanawe.

"Niachie bwana mu maisha," alisema. "Siku yake ikifika, nitamuleta hapa. Atalala kwako. Mi mwenyewe nitamuleta."

Gisèle alipiga chafya. Aligeuka, akawatazama wote kama aliyeamshwa, akanyoosha mikono.

"Maman, minasikia baridi," alisema, na alimwambia Constance.

Waliweka msalaba wa bomba la chuma, ambao hakuna mtu angeweza kuupikia. Nyumba ya Bagira ikarudia harufu yake ya sabuni na makaa. Zagabe aliendelea kwenda kule kila Jumanne, bila kuficha, na Constance alizichambua mbegu bila kuuliza. Hakusema kwamba hakuwa na wivu tena. Alijifunza kukaa nao tu, kama mtu anayekaa na goti bovu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, mapigano yaliingia tena Bukavu. Watu wa Bagira walijifungia siku nyingi. Zagabe aliinuka kufunga dirisha la chumba cha mtoto na risasi iliyotumwa kwa mtu mwingine ikamkuta shingoni. Alikufa kabla Constance hajavuka sebule.

Ndugu yake Akonkwa alisema wamzike uani, kama wengi walivyofanya wiki hiyo. Barabara ya Katana haipitiki, magari ya shirika yamechukuliwa, na hakuna Mungu wala mtu atakayewalaumu. Constance alimsikiliza. Lilikuwa ndilo jambo alilolitaka kuliko yote duniani: kaburi hapo chini ya dirisha lake, alimwagilie maua, amwamkie asubuhi. Alikaa nalo usiku kucha. Kulipokucha aliosha maiti, akamvalisha suti yake, akamnyoa vizuri, akaenda ziwani kutafuta wachuuzi wenye boti ya mota wasioogopa.

Walifika kwenye ufuko wa Katana mchana wa jua. Msalaba wa chuma ulikuwa pale. Wanaume wawili wa kijiji walikubali kuchimba, na mkubwa wao, Polycarpe, alimwambia akae kivulini na mtoto, maana ardhi ya pale ni mawe matupu, watamaliza jioni.

Hata hakijapita kipindi cha kusema rozari, Polycarpe alikuja ameshika jembe, jasho halijamtoka.

"Maman," alisema kwa sauti ndogo. "Nani alichimbaka hapa mbele yetu?"

Constance alikwenda kutazama. Kando ya Marcelline, udongo ulikuwa laini mpaka chini, hauna jiwe hata moja, hauna mzizi, umechambuliwa kama unga. Shimo lilikuwa refu kiasi cha Zagabe, ambaye alikuwa mrefu kuliko watu wengi. Kuta zake zilikuwa zimesawazishwa. Sakafu yake ilikuwa imetandikwa majani mabichi. Ndipo alipoelewa kwamba tangu alfajiri, kwa wembe na maji ya uvuguvugu na pasi ya makaa, alikuwa akimwandaa bwana harusi.

Hakulia. Aliwaambia wamshushe taratibu, na walipomaliza kufukia aliwashukuru, akamshika Gisèle mkono. Wakashuka kuelekea boti. Polycarpe na mwenzake walitangulia mbele kwa haraka, majembe begani.

Nyuma yao, ndani ya majani, mtu aliendelea kuulainisha udongo kwa viganja, polepole, kama anayetandika kitanda. Gisèle alitaka kugeuka. Constance alimkaza mkono, akaendelea kutembea.